Kadiria Kwanza, Kokotoa Baadaye

Leo nazungumza na wazazi wenye watoto wa darasa la nne hadi la saba, nazungumza na walimu wenzangu wa hisabati, na nazungumza nawe mwanafunzi uliyekaa karibu na redio huku daftari likiwa wazi. Mada yetu ni sehemu, zile namba zinazoandikwa moja juu ya nyingine na mstari katikati. Nitashughulika hasa na mambo mawili: sehemu zinazolingana na namba mchanganyiko. Hapo ndipo watoto wengi wanapoanza kuichukia hisabati, na hapo hapo ndipo tunapoweza kuwaokoa.

Naomba kila anayenisikia achukue karatasi. Hata ukurasa wa gazeti la zamani unafaa. Kata utepe mrefu wenye upana wa vidole viwili. Ukunje katikati, ncha ikutane na ncha, kisha ukunje katikati mara ya pili. Ukunjue. Utaona vipande vinne vilivyo sawa. Paka rangi vipande vitatu. Hiyo ni robo tatu, yaani 3/4. Sasa ukunje tena kwa kufuata mikunjo ile ile, halafu ongeza mkunjo mmoja. Ukunjue uhesabu. Vipande sasa ni vinane, na vyenye rangi ni sita. Utepe haukurefuka, rangi haikuongezeka, lakini namba zimebadilika kutoka 3/4 zikawa 6/8.

Tazama kilichotokea. Kila kipande kimegawanyika mara mbili. Kwa hiyo vipande vinavyotimiza utepe mzima vimekuwa mara mbili ya vile vya kwanza, na vipande vyenye rangi navyo vimekuwa mara mbili. Namba ya chini, ambayo tunaiita asili, inaeleza kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi. Namba ya juu, yaani kiasi, inaeleza tumechukua vingapi. Zote mbili zimezidishwa kwa 2 kwa sababu ya mkunjo mmoja. Ni sawa na mtu aliyebadilisha noti moja ya shilingi 10,000 akapewa noti mbili za 5,000: noti zimeongezeka, fedha ni ile ile.

Watoto wetu wengi wanaijua kanuni hiyo kwa maneno. Watakuimbia: zidisha juu na chini kwa namba ile ile. Ukiwauliza kwa nini, watakuambia mwalimu kasema. Kanuni isiyo na sababu haikai. Wiki mbili baadaye mtoto huyo huyo atajumlisha badala ya kuzidisha. Atachukua 3/4, aongeze 2 juu na 2 chini, aandike 5/6, na aamini kwamba amepata sehemu inayolingana. Kumbe 3/4 ni 9/12, na 5/6 ni 10/12. Ametoka na kiasi kikubwa kuliko alichoanza nacho, wala hakushtuka, kwa sababu hakuna aliyemzoeza kujiuliza namba hizi zina ukubwa gani.

Hilo, msikilizaji, ndilo neno langu la leo: mazoezi ya sehemu yaanze na ukubwa. Kabla mtoto hajazidisha, hajagawanya, hajatafuta kigawe kidogo cha shirika, aseme kwanza sehemu aliyopewa ni ndogo au kubwa kuliko nusu, na ni ndogo au kubwa kuliko moja. Akadirie kwanza, akokotoe baadaye.

Nitatoa ushahidi. Mwaka 1978, katika upimaji wa kitaifa wa wanafunzi nchini Marekani, vijana wa miaka 13 waliulizwa wakadirie jibu la 12/13 kujumlisha 7/8. Hawakutakiwa kukokotoa. Walipewa majibu ya kuchagua: 1, 2, 19 na 21. Sehemu ya kwanza inakaribia moja, ya pili nayo inakaribia moja, kwa hiyo jumla yake ni karibu 2. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24 tu. Zaidi ya nusu walichagua 19 au 21. Wametoa wapi namba hizo? 12 na 7 ni 19. 13 na 8 ni 21. Walijumlisha za juu, au za chini, kana kwamba mstari wa katikati haupo. Kosa lao ndilo ninaloliona katika madaftari ya watoto wetu. Ugonjwa huu hauna nchi.

Dalili yake nyingine ni ile ya nusu kujumlisha theluthi. Mtoto anajumlisha juu, 1 na 1 ni 2, anajumlisha chini, 2 na 3 ni 5, anaandika 2/5. Lakini 2/5 ni pungufu ya nusu! Ameanza na nusu, akaongezewa, akabaki na pungufu ya alichoanza nacho. Mtoto aliyezoea kukadiria hapiti hapo kimya. Atasema, mwalimu, hapa kuna kitu hakijakaa sawa. Kisha atakwenda kutafuta vipande vya ukubwa mmoja: nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, jumla ni 5/6. Hapo ndipo anapoona kazi ya sehemu zinazolingana. Vipande vya ukubwa tofauti havihesabiki pamoja mpaka vikatwe kwa kipimo kimoja.

Sasa niwaambie walimu na wazazi mitego mitatu ya sehemu zinazolingana, ili mkiikuta katika daftari mjue la kufanya.

Mtego wa kwanza ni wa sehemu kama 6/8 na 9/12. Mtoto anatafuta namba ya kuzidisha 6 ipatikane 9, hapati namba nzima, anaandika kwamba hazilingani. Mwelekeze arahisishe kila moja. 6/8 ni 3/4, na 9/12 ni 3/4. Zinalingana. Anayetaka njia ya mkato atazidisha kwa kukingamisha: 6 mara 12 ni 72, na 8 mara 9 ni 72. Lakini mweleze na sababu: ukizipa sehemu zote mbili asili moja ya 96, kila moja inakuwa 72/96. Kukingamisha ni kulinganisha viasi baada ya asili kufanywa moja.

Mtego wa pili uko katika kurahisisha. Mpe mtoto 18/24. Mmoja atagawanya kwa 2 apate 9/12, kisha kwa 3 apate 3/4. Mwingine ataona kwamba kigawo kikubwa cha shirika ni 6, afike 3/4 kwa hatua moja. Wote wamefika salama. Yule wa hatua mbili asikatwe alama.

Mtego wa tatu ni hatari zaidi, kwa sababu umejificha ndani ya jibu sahihi. Mpe mtoto 16/64. Kuna watakaofuta 6 ya juu na 6 ya chini, wabaki na 1/4. Jibu ni kweli 1/4, lakini njia ni mbovu kabisa. Mwalimu akiweka tiki na kupita, mtoto atakwenda na njia hiyo mpaka kwenye 12/24, afute 2 zote mbili, aandike 1/4 tena, wakati kila mtu anaona kwamba 12 ni nusu ya 24. Ndiyo maana nawasihi walimu: mbali ya kutazama jibu, muulizeni mtoto, umejuaje?

Tuingie kwenye namba mchanganyiko. Hapa kuna jambo katika ufundishaji wetu ambalo inabidi tuliseme wazi. Tunaanza sehemu kwa chungwa au mkate, na ni mwanzo mzuri. Tatizo ni kwamba tunabaki hapo. Mtoto anajifunza kwamba sehemu ni kipande, na kipande lazima kiwe kidogo kuliko kitu kizima. Siku anapokutana na 7/4 anachanganyikiwa. Anauliza: nitachukuaje vipande saba wakati chungwa lina vinne? Swali lake ni la haki. Sisi ndio tuliomfungia ndani ya chungwa moja.

Dawa yake ni mstari wa namba. Chora mstari mrefu sakafuni kwa chaki. Weka alama ya sifuri, moja, mbili na tatu, kwa nafasi zilizo sawa. Kila nafasi igawanye mara nne. Mwambie mtoto asimame kwenye sifuri, kisha apige hatua saba, kila hatua robo moja. Atasimama palipovuka moja na kubakisha robo moja afike mbili. Mwulize: umesimama wapi? Kwa hatua, amesimama kwenye 7/4. Kwa alama za mstari, amesimama kwenye moja na robo tatu, yaani 1¾. Mahali ni pamoja, majina ni mawili. Mtoto aliyesimama hapo kwa miguu yake haambiwi tena kwamba sehemu yenye kiasi kikubwa kuliko asili ni kosa.

Kubadilisha kutoka jina moja kwenda jingine ni kazi ya kuzidisha na kugawanya ambayo mtoto ameshajifunza. Mbili na robo tatu, 2¾, ina robo ngapi? Kila nzima ina robo nne, kwa hiyo nzima mbili zina robo nane. Ongeza tatu, zinakuwa kumi na moja. Ni 11/4. Kurudi, gawanya 11 kwa 4: inaingia mara 2, inabaki 3. Hicho kilichobaki ndicho kiasi cha sehemu. Tangu darasa la tatu mtoto anaandika "baki 3" bila kujua baki hiyo inakwenda wapi. Mwonyeshe sasa: bado inaweza kugawanywa, na sehemu ndiyo inayotuwezesha kuiandika.

Penye taabu hasa ni kutoa. Chukua tatu na robo, utoe moja na robo tatu: 3¼ toa 1¾. Mtoto anaanza na sehemu: robo moja haitoshi kutoa robo tatu. Anafanya alivyofundishwa kwenye namba nzima, anakopa. Lakini anakopa kumi! Ile 1 ya juu inakuwa 11, anatoa 3, anapata 8. Upande wa nzima ile 3 imebaki 2, anatoa 1, anapata 1. Jibu lake ni 1 na 8/4, ambayo ukiipanga vizuri ni 3. Yaani ametoa karibu mbili kutoka tatu na kidogo, akabaki na tatu. Aliyekadiria kwanza angejua kwamba jibu liko juu kidogo ya moja. Nzima iliyokopwa hapa inavunjwa kuwa robo nne, kwa sababu asili yetu ni nne. Basi 3¼ inakuwa 2 na 5/4. Toa 1¾, inabaki 1 na 2/4, ambayo ni moja na nusu. Asili ingekuwa tatu, nzima ingevunjwa kuwa theluthi tatu. Ingekuwa nane, ingevunjwa vipande vinane.

Katika kuzidisha kuna mtego wa namna yake. Fundi anataka kuweka vigae kwenye baraza yenye urefu wa mita 2½ na upana wa mita 1½. Mtoto anazidisha nzima kwa nzima, 2 mara 1 ni 2. Anazidisha nusu kwa nusu, anapata robo. Anasema eneo ni mita za mraba 2¼. Lakini urefu peke yake kwa upana wa mita moja umeshafika 2½, na upana wetu umezidi mita moja. Jibu limekuwa dogo mno. Geuza kwanza: 5/2 mara 3/2 ni 15/4, yaani 3¾. Mwenye nyumba aliyenunua vigae kwa hesabu ya kwanza amepungukiwa mita ya mraba moja na nusu nzima. Kwa hiyo mwambie mtoto: namba mchanganyiko ni nzuri kwa kusema na kukadiria, maana inakuonyesha ukubwa papo hapo, lakini ukitaka kuzidisha au kugawanya, igeuze kwanza iwe sehemu yenye kiasi na asili tu.

Kuna wazazi wanaoniuliza haya yote yanamsaidia nini mtoto ambaye atakuja kuwa na kikokotoo kwenye simu. Nendeni kwa fundi bomba mkaulize. Mabomba yake ni ya nusu inchi, robo tatu, inchi moja, inchi moja na robo, moja na nusu. Nendeni kwa seremala: inchi kwenye futi yake mara nyingi imegawanywa vipande 16, na akitaka 5/8 anahesabu vijistari kumi, kwa sababu 5/8 ni 10/16. Kazi hiyo wanaifanya kwa jicho, kila siku, bila simu.

Na haja hii ni ya zamani sana. Katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London kuna sehemu kubwa ya gombo la mafunjo lililoandikwa Misri yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo na mwandishi aitwaye Ahmose, ambaye naye alikuwa akinakili maandishi ya kale zaidi. Miongoni mwa maswali yake ni kugawa mikate 6 kwa watu 10. Jibu lake ni kwamba kila mmoja apate nusu na sehemu moja ya kumi. Pima uone: nusu ni 5/10, ongeza 1/10, unapata 6/10. Mikate mitano inakatwa nusu nusu, inatoa nusu kumi. Wa sita unakatwa vipande kumi. Kila mtu anaondoka na vipande vinavyofanana na vya mwenzake, na hakuna wa kunung'unika.

Hapa kwetu pwani, na popote walipo Waislamu, sehemu ni suala la haki ndani ya familia. Mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Qurani ni nusu, robo, thumni yaani 1/8, theluthi mbili, theluthi moja na sudusi yaani 1/6. Sehemu kubwa ya kitabu cha aljebra cha Al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad katika karne ya 9, inahusu mirathi. Chukua mume aliyefariki akamwacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, madeni na wasia vikiwa vimeshatolewa. Mke ana 1/8, mama ana 1/6, kinachobaki ni cha mtoto. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24. Mke anapata 3/24, mama 4/24, mtoto 17/24. Shamba likiwa na minazi 240, ni minazi 30, 40 na 170. Mtu asiyejua sehemu zinazolingana anaketi kwenye kikao hicho bila uwezo wa kujua kama amepewa haki yake au amedhulumiwa.

Tena kuna mbele ya safari. Mwaka 2012 mtafiti Robert Siegler na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za Uingereza na Marekani. Waligundua kwamba ujuzi wa sehemu na wa kugawanya alionao mtoto wa miaka 10 hadi 12 unaashiria vizuri namna atakavyofanya katika aljebra na hisabati nzima miaka mitano au sita baadaye, hata ukizingatia akili yake, na kipato na elimu ya wazazi wake. Mwanafunzi anayeanguka hisabati kidato cha tatu huenda alianza kuanguka darasa la tano, siku ile 7/4 ilipomshinda na hakuna aliyerudi nyuma kumchukua.

Basi tufanye mazoezi ya namna gani? Nashauri dakika kumi kila siku badala ya saa mbili siku moja kwa wiki. Kata maboksi upate kadi ndogo, uandike sehemu moja kila kadi: 1/2, 2/4, 5/10, 2/3, 8/12, 7/4, 1¾, 14/8 na nyingine nyingi. Siku moja mtoto azipange mafungu matatu: zisizofika nusu, za nusu hadi moja, na zilizozidi moja. Siku nyingine atafute zinazolingana aziweke pamoja. Siku nyingine azipange kwa ukubwa kwenye mstari wa chaki. Daftarini usimpe maswali ishirini ya aina moja, maana baada ya swali la tatu mkono unaandika na akili imelala. Mchanganyie: moja la kurahisisha, moja la kutoa, moja la kugeuza. Na mara moja moja mwandikie swali lililokwisha kufanywa kwa makosa, umwambie atafute kosa liko wapi. Watoto wanalipenda zoezi hilo, na linawafundisha kukagua kazi yao wenyewe.

Walimu wenzangu, najua madarasa yetu yamejaa, na najua muhtasari unatukimbiza. Hata hivyo, maboksi, karatasi zilizotumika na chaki vinapatikana katika shule yoyote, na swali la ukubwa halichukui hata dakika moja. Wazazi, hata ambaye hisabati ilikushinda shuleni, unajua nusu kilo na robo tatu kilo, na hiyo inatosha kumsaidia mwanao.

Ombi langu kwenu nyote ni moja. Kuanzia leo, mtoto asiandike jibu lolote la sehemu kabla hajakuambia kwa mdomo wake kama litakuwa chini ya nusu, juu ya nusu, au zaidi ya moja. Mwulizeni hivyo kila swali, kila siku, mpaka aanze kujiuliza mwenyewe.